Sauti ya Nne Ndani ya Kipanya

Mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani kwetu Jumanne jioni. Mazoezi huwa Jumatano, kwa hiyo mtu akija Jumanne ujue amebeba neno ambalo hawezi kulitoa mbele za watu. Mama alimkaribisha kwenye kochi la dirishani, naye akakaa ukingoni kama anayeogopa kulichafua. Alikunywa chai nusu kikombe, akasifia ndizi, akauliza habari za vitunguu, akasifia ndizi tena.

"Mwalimu," mama akasema, "sema tu, baba. Ndizi zenyewe zimekwisha."

Akacheka kidogo, kisha akamgeukia baba yangu. "Mzee wangu, huu wimbo mpya wa kupeleka kwenye sherehe ya Iringa ni mgumu. Nimeona safari hii upumzike sauti ya nne. Utushikie bango la kwaya, uingie nalo mbele yetu. Hiyo nayo ni heshima."

Kwenye kwaya yetu sauti huhesabiwa. Sauti ya kwanza na ya pili ni za akina mama na mabinti, ya tatu ni ya wanaume wenye koo nyembamba, na ya nne ni ile ya chini kabisa inayobeba wenzake kama msingi unavyobeba nyumba. Baba yangu amesimama kwenye sauti ya nne tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilijifunza kutambaa kati ya miguu ya wanaume wa sauti ya nne, na mama husema ndiyo sababu siogopi ngurumo za radi.

"Kwani naimba vibaya?" baba akauliza.

"Si vibaya, mzee. Unabaki chini. Wenzako wanapanda, wewe unabaki palepale, na wale vijana walio karibu nawe unawavuta." Mwalimu akatazama kikombe. "Labda ni masikio. Umri nao ni umri."

Baba akasema, "Nimesikia."

"Basi tutaangalia kwenye mazoezi ya mwisho kabla ya safari," mwalimu akasema, akiinuka. Nafikiri aliongeza hilo kwa sababu ya uso wa mama.

Usiku ule baba hakula. Alikaa barazani na sweta lake, na mimi nilimpelekea shuka maana Mbeya ya mwezi wa saba haina mchezo. Sijazoea kumwona baba akiwa mdogo. Niliyemzoea ni mtu wa kuingia nyumbani na vumbi la barabara, akimtania mama kabla hajavua viatu.

Baba ni dereva. Ana kipanya, yaani basi dogo la zamani lililowahi kubeba abiria, ambalo aliling'oa viti vya nyuma ili libebe mizigo. Hupeleka mchele Iringa mjini, kisha hushuka mpaka Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu vya kuleta Mbeya. Injini ya kipanya iko chini ya kiti cha dereva, kwa hiyo dereva anakuwa kama ameketi juu ya jiko la mtu mwenye hasira. Sakafu ni bati. Milango ni bati. Vitu vyote vile vikianza kutetemeka kwa pamoja, ukitaka kumwambia mtu aliye pembeni yako kwamba una njaa, lazima uonyeshe kwa mkono.

Na humo ndimo baba alimojifunzia nyimbo zake zote. Mwalimu akitoa wimbo mpya hurekodi sauti zote nne pamoja na kuutuma kwenye kundi la kwaya la simu. Baba huunganisha simu na redio ya gari, akaufuata wimbo kuanzia kwetu Iyunga mpaka vitunguuni. Akijaribu kujifunza akiwa amekaa nyumbani anasinzia. Halafu spika ya simu haina tumbo, hiyo sauti ya nne haiwezi kabisa kuitoa. Inabaki ya kwanza na ya pili, nyembamba kama nzi chupani.

Mimi ni fundi wa kushona viti vya magari. Darasani sikufika mbali, na sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa cherehani haikuniuliza cheti. Nafanya kazi kwa shangazi, dada yake baba, mwenye banda lake kando ya barabara kuu hapo Iyunga. Tunavua viti, tunavua kapeti, tunashona, tunarudisha. Nikiwa nashona huwa naota ndoto za mchana. Nimeshajenga gereji yangu kichwani mara nyingi, ina mlango wa kioo na redio inayopiga polepole, na wateja wanavua viatu. Shangazi akiniona nimetulia sana husema, "Rudi, sindano inakaribia kidole."

Wiki ile baada ya mwalimu kuja, shangazi alinituma Iringa kuchukua ngozi bandia za viti, nikapanda na baba.

Tuliondoka alfajiri. Tulipopita Makambako jua likiwa limeshapanda, baba akawasha wimbo. Nikasikiliza. Sauti ya kwanza niliisikia, ya pili niliisikia, ya tatu kwa shida. Ya nne haikuwepo. Pale ilipopaswa kuwa palikuwa na mvumo wa gari tu, mmoja, mpana, unaotoka sakafuni na kupanda mpaka magotini. Na baba pembeni yangu alikuwa anaimba kwa moyo wote, macho barabarani, kidevu kimeshuka kifuani kama afanyavyo kanisani. Aliimba maneno yote sawasawa. Nilimsifu moyoni, nikasinzia.

Tulishusha mchele Iringa, tukalala kwa mama mdogo, na asubuhi tukashuka kuelekea Ruaha Mbuyuni. Ni kwenye mteremko wa Kitonga ndipo nilipoamka akili.

Baba aliingiza gia ndogo, kama dereva yeyote anayependa watoto wake. Injini ikapandisha mlio. Baba naye akapanda. Mbele yetu kulikuwa na lori limebeba mbao, linatambaa kwenye kona, baba akakanyaga breki, gari likapoa, mvumo ukashuka. Baba naye akashuka. Lori likatupa nafasi kidogo, tukaongeza mwendo, baba akapanda tena. Simuni wimbo ulikuwa unakwenda njia yake, hauhusiani na kona wala lori. Nilimtazama baba, nikaitazama sakafu, nikamtazama tena baba. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kelele ile ningeweza kufanya vyote viwili asijue.

Ruaha Mbuyuni joto linakupokea kabla ya wenyeji. Sisi watu wa nyanda za juu tunafika kule na masweta yetu tukionekana wajinga. Baba aliegesha mbele ya marundo ya vitunguu na kuzima injini, akabaki ameegemea usukani akipangusa jasho. Simu aliisahau, wimbo ukaendelea. Kwenye ule ukimya sauti ikatoka redioni, nene, tulivu, ikapita chini ya zile nyingine.

Baba akainua kichwa. "Nani huyo?"

"Nani, baba?"

"Huyu anayeimba chini. Hakuwepo."

"Yupo tangu Mbeya. Huyo ndiye wewe."

Akaurudisha wimbo nyuma. Tukasikiliza wote wawili, milango imefunguliwa, wauza vitunguu wanatushangaa. Ulipofika ubeti wa pili ile sauti ya chini ikapanda, hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi amebeba gunia na hana haraka. Baba akafungua mdomo kuifuata, akafunga.

"Mbona inapanda?"

"Inapanda hapo kila siku, baba. Ni wewe unayebaki."

"Sasa mimi huwa nafuata nini?"

Sikutaka kusema. Nikagonga sakafu kwa kisigino. Bati likajibu, ngaaa, na ule mlio ukachukua muda kufa.

Baba aliitazama sakafu muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka mama mmoja muuza vitunguu akamletea maji akidhani amepaliwa. "Kumbe miezi yote hii nimekuwa naimba wimbo wa gari," akasema. "Nyimbo za zamani sauti ya nne hukaa chini tu, ndiyo maana sikugundulika. Na huu nimewafundisha na wale vijana pembeni yangu."

"Kwa hiyo masikio ni mazima," nikamwambia.

"Mazima. Ila yana imani kupita kiasi, mama." Baba huniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Akacheka tena kidogo, lakini safari hii kicheko hakikufika machoni. "Mazoezi ya mwisho yako karibu. Na mimi wimbo huu sijauanza."

Njia nzima ya kurudi hakuwasha redio, nami kichwa changu kilikuwa kinakwenda kasi kuliko gari.

Muda si mrefu kabla ya hapo alikuja bandani kwetu kijana mmoja wa Iringa, muuza vipuri, ana gari dogo linalong'aa kama sufuria ya harusi. Alitaka muziki wake usikike vizuri na alikuja na maboksi ya mikeka mizito ya kunata, upande mmoja mweusi, unanata kama ulimbo, upande mwingine karatasi ya kumetameta. Alituonyesha video kwenye simu: unavua kila kitu mpaka bati, unabandika ile mikeka, bati linaacha kutetemeka, na gari linatulia. Shangazi hakuamini. Mimi nilibandika kwa mikono yangu hii, na tulipomaliza kijana yule alikaa ndani, akafunga mlango, akafumba macho. Alifurahi mpaka akaniachia mikeka iliyobaki, nami nikaiweka chini ya meza ya kukatia vitambaa, nikijiambia itakuja siku yake.

Nilipomweleza baba, alikataa kabla sijamaliza.

"Unataka kuziba gari masikio?"

"Nataka kulifunga mdomo, baba."

"Ni kilekile. Dereva anaendesha kwa kusikia. Gari ikiumwa inalia. Mkanda unalia, beringi inalia, tairi linalia. Ukininyamazishia gari nitajuaje inaumwa? Nitakuwa naendesha maiti."

Shangazi, aliyekuwa anapiga pasi kitambaa, akaingilia. "Kaka, kwa kelele ile wewe unasikia beringi gani? Hata mimi ukinipigia simu uko njiani najua tu umepokea kwa sababu panya wanakimbia kwenye mabati."

"Wewe shona viti."

"Nashona. Na wewe kashike bango."

Shangazi mwenyewe aliona amekwenda mbali, akarudi kwenye pasi. Nikachukua nafasi hiyo. Nikamwambia baba kuna mlio na kuna mvumo. Mlio ni neno, gari linakuambia kitu. Mvumo hauna neno, ni kama watu wengi wanaoongea sokoni kwa wakati mmoja. Nitaondoa mvumo, mlio nitamwachia. Sikuwa na hakika, ila neno lenyewe lilisikika kama kweli, na mara nyingine mtu husema jambo kwanza halafu mikono ikalitimiza.

Baba akachukua kofia yake. "Jumamosi," akasema. "Jumapili nataka gari yangu, ikiongea au isipoongea."

Mikeka ilitosha sehemu ya mbele tu, na nilitaka kufunika mpaka nyuma. Nikaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja wa Kihindi, ambaye familia yake iko Mbeya tangu zamani na ambaye hutusalimia Kinyakyusa safi kuliko changu. Nilikuwa nimeona dukani kwake marola ya lami ya kuzibia mabati yanayovuja, nayo yana karatasi ya kumetameta vilevile. Nikaona nimepata.

"Unaziba paa?" akauliza.

"Naziba gari, babu."

Akavua miwani. Nikamweleza gari la nani na linakwenda wapi. Akairudisha rola shelfuni.

"Hii ni ya juu ya nyumba, binti. Hapa Mbeya itakaa, kuna baridi, utanisifu. Shuka nayo Ruaha Mbuyuni mara moja. Itakuwa uji. Itaingia kwenye kapeti, itaingia kwenye viatu vya baba yako, na vitunguu vitanuka lami mpaka walaji watauliza vimelimwa barabarani?"

Niliona aibu kidogo, maana ndivyo tulivyo watu wa huku: tunapima kila kitu kwa baridi yetu. Yeye akaingia stoo na kutoka na kipande kikubwa cha mpira mzito wa kutandika sakafu, kimekatwa vibaya pembeni, mteja alikikataa. "Huu haunati," akasema, "lakini hauyeyuki. Tafuta kitu laini uweke chini yake." Kitu laini sisi tunacho. Banda la fundi viti limejaa mabaki ya sponji na blanketi nzito za kufungia mizigo.

Jumamosi baba aliacha gari mapema, akasimama pembeni mikono nyuma kama mtu aliyeleta mtoto hospitali. Nilivua viti vya mbele, nikavua kapeti, na hapo chini nikakuta historia ya familia: maganda ya karanga, hereni ya mama, na punje za mpunga zilizokuwa zimeanza kuota. Nilisugua bati kwa brashi, nikalipangusa kwa mafuta ya taa, nikalipangusa tena kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kikarudi cheupe.

Baridi ilikuwa imeigandisha mikeka, ikawa migumu kama ngozi ya ng'ombe iliyokauka. Nikakimbia saluni ya jirani kuazima mashine ya kukaushia nywele. Wale dada wakanifuata nje kuangalia.

"Leo unamseti nani nywele?"

"Namseti baba."

"Mseti vizuri, mzee ana sherehe Iringa."

Nilipasha mkeka mpaka ukalegea, nikaubandika, kisha nikaukandamiza kwa kuviringisha chupa ya soda juu yake, polepole, kila kona, mpaka hewa yote ikatoka. Mabega yaliuma, lakini ni maumivu yale ya kuridhisha. Kila baada ya kipande nagonga kwa kifundo cha kidole. Mahali penye bati tupu, ngaaa. Mahali palipobandikwa, du. Ngaaa. Du. Baba akasogea. Akagonga mwenyewe pande zote mbili, akanitazama, akarudi pale alipokuwa amesimama. Baada ya muda akaja tena akagonga. Mwishowe akakunja mikono ya shati, akashika chupa.

Mfuniko wa injini tuliupa mikeka miwili, mmoja juu ya mwingine, na juu yake blanketi. Sakafu ya nyuma sponji, kisha mpira wa babu wa dukani. Ilipofika milango nilifanya kitu nilichojifunza kwa yule kijana wa Iringa: nikaziba yale matundu makubwa ya ndani ya mlango yanayobaki wazi nyuma ya spika. Spika ikiwa kwenye mlango wenye matundu, sauti nene hutokea mbele ikatorokea nyuma. Ukiziba, mlango unakuwa na tumbo. Spika zilikuwa zilezile, nzee, moja ina alama ya meno ya panya. Sikuwa na nyingine.

Jioni tulirudisha viti. Baba akaingia, mimi nikaingia upande wa pili, shangazi akajipenyeza katikati bila kualikwa. Akawasha gari. Tukaelekea Uyole.

Tulisikiliza tu mpaka tumepita Mafiati. Mvumo ulikuwepo, siwezi kudanganya, kipanya ni kipanya. Lakini ulikuwa umekwenda mbali, kama vile umehamia kwa jirani. Baba aliinamisha kichwa.

"Nini hicho kinagonga?"

Nikapapasa chini ya kiti. Spana. Aliitafuta tangu Pasaka na alimlaumu utingo wa lori fulani.

Akaendelea kusikiliza. "Na huo mkanda unalia kama kifaranga. Umeanza lini?"

"Labda una mwaka," shangazi akasema. "Ulikuwa unakuita, wewe unaimba."

Baba akatabasamu. Ndipo akaniambia, bila kugeuza kichwa na bila kupaza sauti, sauti ileile anayoongelea mezani, "Weka wimbo, mama."

Nikauweka. Kwanza alisikiliza tu. Ubeti wa pili ulipofika, sauti ya nne ikapanda ngazi zake, ikipita kwenye ule mlango wenye tumbo mpaka nikaihisi kwenye kiwiko. Baba aliishika hatua ya kwanza, akaikosa ya pili. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Tulifika Uyole, tukageuza, tukarudi, na sijui nilirudisha mara ngapi. Shangazi aliimba sauti ya pili na mimi ya kwanza, ndani ya kipanya, tukiongea na kuimba kama tuko sebuleni. Nilitazama mikono yangu, kucha nyeusi kwa ule ulimbo, nikajiona tajiri.

Safari zilizofuata alikwenda peke yake, mchele kwenda, vitunguu kurudi. Kila akirudi mama alimuuliza habari za njia, na yeye alijibu habari za wimbo. Ameshamaliza ubeti wa kwanza. Ameshika pale pa kupanda. Pale pa kupumua anapumua mapema mno. Mkanda alibadilisha. Mikeka haikutoa hata tone kule bondeni, aliniambia, aliigusa kwa kiganja saa sita mchana.

Mazoezi ya mwisho nilikwenda. Siimbi kwaya, mimi ni wa kukaa benchi la nyuma na kuombea. Mwalimu alipiga meza, akasema, "Sauti ya nne peke yake." Wanaume wale wakasimama sawasawa. Wakaanza. Ubeti wa pili ulipokaribia niliona kidevu cha baba kikishuka kifuani, na mimi nikashika benchi.

Akapanda. Hatua zote, bila haraka.

Mwalimu akawakatisha. Akakuna sikio. "Tena," akasema. Wakarudia. Safari hii wale vijana wawili waliozoea kubaki chini na mzee ndio wakabaki, na mmoja akamwangalia baba kwa mshangao kama mtu aliyeachwa na basi. Kanisa zima likacheka.

"Mzee," mwalimu akasema, "umekunywa dawa gani?"

"Sijanywa. Binti yangu ameshonea gari nguo za ndani."

Walicheka tena, lakini mwalimu hakucheka. Alitaka kuelewa. Baada ya mazoezi alikuja mpaka kwenye kipanya, akagonga sakafu, akagonga mlango, akakaa ndani akafunga. Alipotoka alimwambia baba, "Bango nitampa mtu wa sauti ya tatu. Wale wako wengi." Kisha akanigeukia mimi. "Na hawa vijana wawili nilioharibiwa, safari ya Iringa wasipande basi. Wapande hii."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwaya ilipanda basi la kukodi, mama akiwa nao, na sauti ya nne yote ikapanda kipanya, wamekaa nyuma juu ya mpira na magodoro, mimi mbele kwa baba nikiwa mrudisha wimbo. Walinidhihaki njia nzima. Walisema nimewajengea jeneza zuri. Walisema nikiolewa watanibandikia mume mikeka asikorome. Wale vijana walikosea pale pa kupanda tulipotoka Mbeya, na tulipopita Mafinga walikuwa bado wanakosea, na baba aliwaimbia peke yake kutoka kwenye usukani, taratibu, mpaka wakashika. Tulipoanza kupanda kilima cha kuingia Iringa mjini injini ililalamika sana. Hakuna aliyeifuata.

Kanisani kule walitupokea kwa kamwene, salamu yao ya Kihehe, na chai nyingi. Mwalimu alipowapanga waimbaji alimtoa baba mwisho wa mstari alikozoea kusimama, akamweka katikati, kijana mmoja kulia na mwingine kushoto. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona tu baba akivuta joho lake likae vizuri mabegani.

Mimi na mama tulikaa safu ya nne, na mama alikuwa amenishika kidole kimoja, hicho tu, kama nilipokuwa mdogo. Wakaanza. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukaja, na ile sauti ya chini ikaanza kupanda, ikanyanyua zile tatu zilizo juu yake, na watu wa mbele yetu wakaacha kujipepea. Nilimtafuta baba kwa masikio. Naijua sauti yake tangu tumboni, ningeweza kuitoa katikati ya soko. Nilitafuta, nikatafuta, nikakuta sauti moja tu, pana, haina mtu.

Mama akaniinamia. "Unamsikia baba yako?"

"Simsikii."

"Hata mimi," akasema, na akakaza kidole changu. "Basi wameimba vizuri."